Spea Huja na Ukoo Wake: Kuunganisha Pikipiki Kuukuu kwa Vipuri vya Nyingine

Kwenye steji yetu ya boda boda hapa Busia, upande wa Uganda, kuna ubishi ambao hauishi, huahirishwa tu mteja anapofika. Mmoja anasema ukifunga bloku (silinda ya injini) ya 150 kwenye pikipiki ya 125, umepata 150, basi. Mwingine anaapa kwamba injini ya namna hiyo haimalizi mwezi. Wa tatu anasema hayo yote si kitu, tatizo ni trafiki, maana pikipiki iliyokusanywa spea huku na huku huhesabiwa ya wizi. Nimewasikiliza kwa miaka. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na kukigeuza ukweli mzima, na wanaoumia ni vijana wanaorudi nyumbani na ushauri huo, wakafungua pikipiki ya baba uani, wakaifunga upya, kisha wakapakia abiria.

Mji huu una haki ya kubishana juu ya pikipiki. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Leo Boxer ya Bajaj ndiyo imejaa barabarani, lakini katika nyua za watu bado zimo Honda CG125, zimo Yamaha AG100 zenye injini ya kuchanganya petroli na oili, na nyingine ambazo hata nembo ya tangi imeshafutika. Hizo ndizo zinazoombewa spea kwa jirani. Mimi ninayo CG125 aliyoniachia marehemu baba. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mengi ninayoyaandika hapa yalinigharimu.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Kutengeneza ni kuirudisha pikipiki ilivyokuwa: cheni imekwisha, unaweka cheni ya aina ileile. Kuibadilisha ni kuifanya iwe kitu ambacho kiwanda hakikukipanga: breki ya diski mahali pa breki ya dramu, gurudumu la Boxer kwenye Honda. Na yako maneno mengine mawili ambayo mafundi wengi huyachanganya, kutoshea na kufaa. Kutoshea ni habari ya vipimo, yaani spea imeingia mahali pake na boliti zimekaza. Kufaa ni habari ya kazi, yaani spea hiyo inaelewana na zile inazofanya nazo kazi. Fundi akikuambia "inaingia," amejibu swali la kwanza tu.

Kwetu mtu akioa, ameoa na ukoo: wakwe, mashemeji, na mjomba ambaye hukuwahi kumsikia. Spea ni hivyohivyo. Ukitoa kipuri kwenye pikipiki moja ukakipeleka kwenye nyingine, hakiji peke yake. Kinadai jamaa zake waje, na wasipokuja kitakusumbua.

Tuanze na kidogo kabisa, boliti. Boliti mbili za milimita 10 zinaweza kufanana kama mapacha, kumbe ya kwanza nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25 na ya pili ni 1.5. Ukiipeleka ya 1.5 kwenye tundu la 1.25, itaingia kwa vidole mzunguko mmoja, pengine miwili, halafu itagoma. Hapo ndipo mwenye haraka anapochukua spana ndefu. Itaingia, ndiyo, lakini ndani ya lile tundu la alumini nyuzi zinakatika kimyakimya, na siku utakapoifungua itatoka na unga mweupe umejaa kwenye nyuzi zake kama sembe. Boliti nzuri huingia kwa vidole karibu yote, spana ni ya kumalizia tu. Plagi nazo ni hivyo. D8EA ya NGK inayotumiwa na CG125 ina shingo ya milimita 12 na urefu wa 19, na C7HSA ya Honda ndogo ndogo ina shingo ya milimita 10 na urefu wa 12.7. Fundi akizichanganya hizo atajua palepale, hazifungiki. Hatari iko kwa zile zenye shingo sawa na urefu tofauti: ndefu mno huenda ikagongwa na pistoni, fupi mno huacha nyuzi za kichwa cha injini wazi zikajaa masizi.

Cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ndipo wengi wanapoanzia, na ndipo nilipoanzia mimi. Namba zilizochapwa kwenye cheni si urembo. Katika 428, tarakimu ya kwanza inakueleza umbali kutoka pini hadi pini, ambao ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na zinazofuata zinaeleza upana wa ndani. Cheni ya 420 ina umbali huohuo wa pini ila ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo cheni ya 428 inaweza kukaa juu ya sproketi ya 420 na kuzunguka, huku ikichezacheza pembeni. Imetoshea, haikufaa.

Halafu idadi ya meno. Tuseme mbele una meno 14 na nyuma 42. Sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka 15 mbele, inazunguka mara 2.8 tu, kwa hiyo kwa mwendo uleule wa injini pikipiki inakwenda mbali zaidi kwa kama asilimia 7, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi kama hicho. Jino moja la mbele ni sawa na karibu matatu ya nyuma. Waliopanda baiskeli za kuvushia mizigo hapa mpakani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo anayesema sproketi kubwa ya nyuma "inaongeza nguvu ya injini" amekosea. Injini ni ileile, umechagua tu uitumie kwa kupanda au kwa kukimbia. Anayebeba ndizi milimani Kapchorwa na anayepeleka abiria kwenye lami ya Tororo hawapaswi kufunga meno sawa.

Kosa langu lilikuwa la mstari. Nilifunga gurudumu la nyuma la pikipiki nyingine kwenye CG. Ekseli ilipita, breki ikashika, nikakata kipande cha bomba kujaza pengo upande mmoja, nikafurahi. Sproketi ya nyuma ilikuwa imekaa nje ya mstari wa ile ya mbele kwa kama milimita nne. Ukiitazama umesimama huoni kitu. Wiki ya tatu, nikiwa barabara ya Tororo, cheni iliruka, ikajibana, gurudumu la nyuma likafunga palepale. Nashukuru sikuwa nimebeba mtu. Nilipoitazama sproketi baadaye, upande mmoja wa kila jino ulikuwa unang'aa kama kisu kilichonolewa, na upande wa pili bado una rangi yake ya kiwandani. Ilikuwa imenionyesha tangu mwanzo, mimi sikuinama kutazama. Siku hizi navuta uzi mwembamba ulionyooka kutoka ubavu wa sproketi ya nyuma hadi ya mbele, na usipogusa zote mbili sawasawa sitoki uani. Kazi ya vipande vya kujazia pengo nampa fundi mwenye mashine ya kukereza, apime na kukereza kwa chuma kizima. Bomba lililokatwa kwa msumeno huwa halina pande mbili zilizo sawa, na ekseli ikikazwa juu yake hujipinda bila wewe kujua.

Juu ya magurudumu nitasema jambo moja tu. Ukitoa la inchi 18 ukaweka la 17, kama la Boxer, mzingo unapungua kwa kama asilimia 4. Kama ni la mbele na mita ya mwendo inachukua kutoka hapo, itakuonyesha unakwenda kasi kuliko unavyokwenda. Kama ni la nyuma, ni kama umeongeza meno ya nyuma.

Sasa turudi kwenye ule ubishi wa bloku. Namba 125 na 150 zinatoka wapi? Ni ujazo wa hewa ambao pistoni inausukuma kwa safari moja, kwa sentimita za ujazo. Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na inasafiri milimita 49.5. Piga hesabu ya eneo la duara mara urefu, utapata 124 na kidogo. Injini za Kichina za 150 zilizotokana na CG, hizi ambazo ndugu zake zinavuta hata tukutuku za mizigo, pistoni yake ina milimita 62 lakini inasafiri 49.5 zilezile. Ujazo wake ni 149 na kidogo. Ni kama sufuria mbili zenye kimo kimoja, moja pana zaidi. Ndiyo maana watu husema inaingia: kreki, ule mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, ni ya ukoo mmoja, pistoni inapanda na kushuka umbali uleule. Huyo wa kwanza wa steji hakudanganya.

Ila tazama jamaa wanaodai kuja. Silinda pana ina shingo pana, kwa hiyo mdomo wa tumbo la injini sharti ukerezwe upanuke, na kazi hiyo haifanywi kwa tupa uani. Gasketi ni nyingine. Kichwa cha injini ukibakisha kile cha 125, chumba chake cha kuchomea ni kilekile wakati hewa inayosukumwa ndani imeongezeka kwa asilimia 20. Kama mgandamizo, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ulikuwa 9 kwa 1, unaweza kufika zaidi ya 10 kwa 1. Hapo petroli huanza kuripuka kabla ya wakati wake, unasikia kama kokoto zinagongana ndani ukipanda kilima, na pistoni inaumia. Klachi iliyopangwa kwa nguvu ya 125 itaanza kuteleza. Kabureta itahitaji jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli) kubwa kidogo. Na breki zilizokuwa zikisimamisha 125 zitaulizwa swali jipya. Yule wa pili naye hakudanganya, ila injini anazoziona zinakufa kwa mwezi ni zile zilizoolewa peke yake, jamaa wakaachwa nyumbani.

Kabureta ndiyo inayozungukwa na imani nyingi kuliko kitu kingine chochote. Watu huamini tundu kubwa ni kasi kubwa. Walioketi kwenye chungu cha malwa kule Tororo au Teso wanajua ukweli: ukipewa mrija mwembamba unavuta kidogo na kinywaji kinapanda mara moja, lakini ukipewa bomba pana unavuta mpaka mashavu yanauma na hakuna kinachofika. Kabureta hufanya kazi kwa kuvutwa. Hewa inayopita kwa kasi kwenye njia nyembamba ndiyo inayoinua petroli kutoka kwenye jeti. Ukiweka kabureta ya injini kubwa kwenye injini ndogo, hewa inapita polepole, petroli haiinuki vizuri mwendo ukiwa mdogo, na pikipiki inakwama kila unapoondoka kwenye steji. Juu ya hapo wengine huondoa boksi la chujio "ipumue." Inapumua vumbi la barabara zetu moja kwa moja kwenye silinda, na hewa inayozidi petroli hufanya mchomo uwe mkali mno. Fungua plagi baada ya safari ndefu uisome. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni chache na injini inaungua, rekebisha kabla hujaipanda tena. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Na kumbuka nchi yetu ina miinuko: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale inakaribia 2,000, na huko hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyowekwa sawa bondeni itatoa moshi mweusi kidogo mlimani bila kosa la fundi.

Umeme nitaupitia kwa haraka, ingawa ndio unaounguza spea nyingi zaidi. CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, za baadaye ni 12. Ukitaka kuhama kutoka 6 kwenda 12, hamisha ukoo wote: betri, balbu, honi, rilei ya endiketa, koili za sumaku na kile kifaa cha kudhibiti chaji. Kuhamisha betri pekee ni kuua balbu. Sidiai, kile kifaa kinachoamuru cheche ya plagi, ni mtego mwingine. Zipo zinazopata umeme wake kutoka kwenye koili ya injini, hizo huwaka hata bila betri, na zipo zinazotegemea betri. Soketi zake zinaweza kufanana kabisa, zikachomekana bila shida, na waya ndani zimepangwa kwingine. Usichomeke kwa kufanana. Fuata kila waya mpaka unakotoka. Na fyuzi ikikatika, usiweke waya wa shaba mahali pake, hiyo ndiyo inayochoma pikipiki zikiwa zimeegeshwa.

Kwenye breki naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana huku hakuna jaribio la pili.

Kijana mmoja wa jirani alikuja kwangu jioni na pikipiki aliyoifunga miguu ya mbele yenye diski.

"Mzee, fundi kaniambia imeingia vizuri."

"Kuingia imeingia, mwanangu. Hebu shika breki."

Alishika. Mkono wa breki haukusogea kiasi cha kuonekana, ulikuwa mgumu kama umefungwa ukutani, na nilipoisukuma pikipiki gurudumu lilizunguka. Pampu ya juu ilitoka kwenye pikipiki kubwa. Breki ya diski hufanya kazi kama jeki: pistoni ndogo ya juu inasukuma mafuta ya breki, pistoni kubwa ya chini inapokea. Uwiano wa maeneo yao ndio unaozidisha nguvu ya vidole vyako. Ukitoa pampu ya milimita 11 ukaweka ya 12.7, tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo limeongezeka kwa theluthi, na mkono wako sasa unahitaji nguvu zaidi kwa theluthi hiyo kupata breki ileile. Pampu ikizidi zaidi ya hapo unafika kwa huyu kijana. Ikiwa ndogo mno, mkono unaingia mpaka kwenye mpini kabla breki haijashika. Kwa hiyo pampu na kaliperi (kile kibanio cha diski) zitoke pikipiki moja, na mpira wa kupitishia mafuta ya breki uwe mpya. Tena hapo usitie oili ya injini, hata tone. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 ni kitu kingine kabisa, na oili ya injini huvimbisha mipira ya ndani, breki ikashikilia au ikapotea.

Na imani kwamba diski siku zote ni bora kuliko dramu? Diski nzima ni bora kuliko dramu nzima, hasa mvua ikinyesha. Lakini dramu yenye viatu vipya, kebo iliyopakwa mafuta na mviringo usio na mikwaruzo inamsimamisha mtu salama kuliko diski ya kuungaunga. Yule kijana tulimrudishia dramu yake.

Miguu ya mbele nayo ina siri. Tazama kile kigurudumu cha chini ya kiti cha ofisi: kinafuata nyuma ya mhimili wake, ndiyo maana kinajinyoosha chenyewe. Gurudumu la mbele la pikipiki limepangwa hivyohivyo, linagusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa shingo ya usukani ungefika. Ukifunga miguu mirefu, mbele kunainuka na umbali huo unaongezeka, usukani unakuwa mzito kwenye kona. Ukifunga mifupi, umbali unapungua na usukani unaanza kutikisika kwenye mwendo. Pima urefu kabla ya kununua, pima na unene wa bomba, maana 30 na 31 za milimita hazipishani kwa macho. Kuhusu kuchomea: vishikio vya taa na keria chomea, mafundi wetu wa Katwe, Kampala, wanaijua kazi hiyo. Mguu wa alumini kuuchomelea kishikio cha kaliperi, usikubali, hata fundi awe hodari vipi. Wala tangi la petroli lisiguswe na moto hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Amebaki yule wa tatu na trafiki wake. Logibuku, yaani kadi ya usajili, ina namba ya fremu na namba ya injini. Sproketi, taa au gurudumu havibadilishi namba hizo. Injini nzima inabadilisha. Ukifunga injini nyingine na hukuiandikisha, unatembea na pikipiki ambayo karatasi zake haziielezi, na siku ya msako utashindwa kujieleza hata kama uliinunua kwa jasho. Usajili, ambao zamani ulikuwa mikononi mwa URA, mamlaka ya mapato, sasa uko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Unaponunua injini kuukuu, iwe Kisekka, soko la spea kule Kampala, au kwa jirani, chukua mkataba wenye namba ya injini, nakala ya kitambulisho cha muuzaji na muhuri wa LC1, uongozi wa kijiji. Paka kidole mate, futa vumbi, isome namba mwenyewe. Ikiwa imesuguliwa au imechapwa upya kwa herufi zisizolingana, iache hapohapo.

Nikimaliza kufunga kitu huwa sipakii mtu siku hiyo. Naizungusha bila mzigo kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, nasimama, nagusa kitovu cha gurudumu kama kimepata moto, naangalia oili chini. Baada ya kilomita 50 nakaza tena kila nati niliyoigusa, kwa sababu spea zilizokutana kwa mara ya kwanza hulegea zikizoeana. Vipuri vya asili vya CG vimo kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, kila kimoja na karatasi yake: kilitoka lini, nafasi yake imechukuliwa na nini, na pikipiki iliyokitoa ni ya aina gani. Mwezi uliopita niliihitaji karatasi hiyo. Mipira ya breki ilikuwa imekwisha, na bila maandishi yale ningekwenda dukani kuagiza ya Honda kwa pampu ambayo si ya Honda.